Programu iliona dana wangu ni machweo tu

Wadau, leo siongei kuhusu simu gani inapiga picha poa. Leo nakiri. Nilifuta picha ya dana wangu. Hakuna mwizi, hakuna simu iliyoanguka ziwani. Ni mimi, kwa kidole changu.

Mnajua kazi yangu: machweo ya Dunga, machweo ya Hippo Point, samaki wa kukaanga, boti, halafu machweo tena. Niliacha chuo mwaka wa pili, na tangu siku hiyo kila jioni niko ufuoni kama mtu anayelipwa. Picha zikajaa kila mahali. Google nao walifunga ile nafasi ya bure isiyo na kikomo Juni 2021, wengi tukabaki na GB 15, na hizo unagawana na barua pepe. Mwaka jana simu ikagoma kabisa, nikashusha programu ya kutafuta picha zinazofanana.

Ngoja niwaeleze inavyofanya kazi, maana hapo ndipo niliumia. Kompyuta ikitafuta faili zilizo sawa kabisa, kitu kidogo tu kikibadilika inasema hizi ni mbili tofauti. Picha yako na nakala yake iliyopita WhatsApp hazijuani, kwa sababu WhatsApp imeshaifinya. Kwa hivyo watu walibuni njia ya kulegeza. Mojawapo ni hii: picha inapunguzwa hadi vyumba 72, tisa kwa nane, kama ubao wa drafti, bila rangi. Kila chumba kinalinganishwa na jirani wa kulia: nani anang'aa zaidi? Unapata majibu 64 ya ndiyo au hapana. Picha mbili zikipishana majibu machache, zinahesabiwa ndugu. Ni akili sana, na ni haraka.

Sasa weka machweo ya Dunga kwenye hivyo vyumba. Juu mwanga, chini giza. Mtu aliyesimama pembeni anakula vyumba vichache tu. Na mimi nilikuwa nimelegeza kipimo makusudi ili nipate nafasi nyingi. Programu ikaniletea kundi moja la picha 312. Nikabonyeza bakisha moja, ile yenye faili kubwa. Nikaenda kula.

Dana alifariki Machi. Siku mbili kabla ya mazishi, mathe akaniambia, "Nyathina, wewe ndiye mtu wa picha. Tafuta ile ya Dunga, ya Pasaka, tuweke kwenye bango." Miaka mitatu mzima hiyo "mtu wa picha" ilikuwa tusi kwetu. Siku hiyo haikuwa.

Nilitafuta hadi usiku. Iliyobaki ilikuwa skrinishoti ya status ya binamu yangu. Jamaa wa kuchapisha pale Oginga Odinga Street akaivuta kwenye skrini, uso wa dana ukawa matofali. Akasema, "Hii haiwezi mita moja. Lakini kuna AI, dakika mbili tu." Nikakubali. Manze, uso ukatoka safi, ngozi inang'aa, kila uzi wa kitambaa unahesabika.

Nikampelekea mathe. Akaangalia kwa muda. "Huyu ni nani amevaa kitambaa cha mama?"

Nikaangalia tena. Meno. Dana aling'olewa meno sita ya chini ya mbele akiwa msichana, kama Wajaluo wengi wa rika lake. AI haijui mambo hayo. Iliona pengo, ikafikiri ni uchafu wa picha, ikamwekea meno sita mapya. Na mimi, mjukuu niliyelelewa Seme akinimenyea viazi, sikuona. Hiyo bado inaniuma kuliko kufuta.

Usiku huo nikakumbuka memori kadi ya simu yangu ya kwanza. Picha nzuri za siku ile nilikuwa nimezihamisha, lakini zile mbaya huwa sishughuliki nazo. Shida ni kwamba saa ya simu ile ilikuwa mbovu, betri ikiisha inarudi Januari 2015. Kutafuta kwa tarehe, sahau. Na kadi ilikuwa na picha zaidi ya elfu sita.

Kwa hivyo nilirudi kwa mchezo uleule ulioniponza, ila sasa kwa upande wa pili. Kuna programu ya bure ya kompyuta inaitwa digiKam, unaipa picha moja nayo inakutafutia zinazoifanana, na kiasi gani kwa asilimia. Nikaipa skrinishoti. Ikaniletea skrinishoti zingine, memes, picha ya risiti. Nikakaribia kulia. Halafu nikaona upumbavu wangu: ile mikanda myeusi ya status, juu na chini, ndiyo ilikuwa inatafutwa. Nikaikata, nikabakisha ziwa na dana tu, nikarudia.

Tatu zikaja. Ya kwanza amenipa mgongo. Ya pili amefumba macho. Ya tatu ananifukuza, mkono umeinuliwa kwa kamera, mdomo wazi katikati ya neno, pengo lake lote nje, na jua limempiga shavu.

Ankoli akasema hiyo si picha ya bango, mtu mzima hawezi kuonekana anapayuka kwa mazishi yake. Mjadala ukawa mrefu. Wengine walitaka ile ya AI, ati ni safi, nani ataangalia meno. Mathe alikuwa kimya, anaosha vikombe. Mwishowe akauliza tu, "Mama alikuwa ananyamaza lini?"

Tukachapisha ya tatu, mita moja. Jamaa hakuigusa.

Jumapili baada ya mazishi, mathe akataka kuituma kwa grupu la familia. Nikamwona anaichagua kama picha ya kawaida, kidole tayari, nikaruka kutoka kwa kiti: "Mum, ngoja! Itume kama document!"