Baba, Mama, Papa

Kabla hujaendelea kusoma, simama mbele ya kioo utamke maneno haya matatu bila kutoa sauti: baba, mama, papa. Utaona midomo ikifunga na kufunguka vilevile mara zote tatu. Wewe unazitofautisha b, m na p kwa sababu umezisikia tangu utotoni. Mdogo wangu hakuzisikia. Kwa miaka minne ya mwanzo alimtazama mama mdomoni, na maneno yote matatu kwake yalikuwa kitu kimoja.

Tulikuwa tukiishi Lusu, wilayani Nzega. Siku hizo mgodi wa dhahabu wa jirani ulikuwa ukilipua miamba, na kila baruti ilipolipuka mtoto aligeuka, akamkimbilia bibi. Basi tukasema anasikia, ni mzito wa kusema tu. Hata baba, tuliambiwa, alichelewa. Hakuna aliyefikiri kwamba mtetemo wa ardhi hupita miguuni. Siku moja, nikiwa darasa la sita, niligonga sufuria nyuma ya mgongo wake kwa utani. Akaendelea kuchambua karanga. Nikagonga tena, kwa nguvu. Sijasahau ule mgongo ambao haukushtuka.

Hospitalini walimpima, na baada ya kuuza mbuzi kadhaa tukapata shimesikio mbili. Ndani ya kila moja kuna kinasa sauti, kikuza sauti na spika ndogo. Watu walidhani ni kama miwani: ukivaa, umeona. La hasha! Siku ya kwanza alilia mpaka jioni. Jogoo, redio, upepo na vyombo vya jikoni vilimwingia vyote kwa pamoja, na hakuna hata kimoja alichokijua.

Maana ya sauti hizo aliipata kwa bibi. Bibi alipokuwa akikata viazi vya michembe alimkalisha karibu kabisa, upande wa sikio lenye nafuu, akataja kila alichoshika: kiazi, kisu, ungo, kiazi tena. Hakumkaripia wala hakumlazimisha kurudia. Mimi nilichukua kazi ya matamshi. Weka kidole puani useme mama, pua inatetemeka. Sema baba, imetulia. Sasa weka kiganja mbele ya mdomo useme papa, utahisi pumzi ikikupiga. Hivyo ndivyo alivyozitenganisha sauti zile tatu, nusu kwa shimesikio na nusu kwa ngozi.

Usidhani mambo yalikwenda sawa. Betri za shimesikio, ndogo kama vidonge, huisha baada ya wiki moja au mbili. Kizibo cha sikioni huchongwa kwa umbo la sikio la mtoto. Akikua kinalegea, kinapiga mluzi, na hapo ni nauli nyingine ya kwenda mjini. Msimu mmoja wa mvua tulikosa fedha za betri kwa miezi mitatu. Aliporudi kuvaa, maneno kadhaa aliyokuwa ameyazoea yalikuwa yamepotea. Mama alizichukua hesabu za gharama za msimu ule, akazichoma.

Mwaka 2017 Hospitali ya Taifa Muhimbili ilianza upasuaji wa kupandikiza vifaa vya usikivu ndani ya sikio. Awali wagonjwa walipelekwa India. Kifaa hicho hakikuzi sauti. Huigeuza kuwa umeme unaosisimua mshipa wa fahamu wa usikivu. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika nacho zaidi akiwekewa akiwa mdogo sana, na wetu alikwisha timiza miaka tisa. Baba aliisikia habari hiyo redioni, akatoka nje bila kusema neno.

Simu ilikuja baadaye. Kuna programu inayoandika maneno unayoyatamka kwa Kiswahili, na mdogo wangu aliipenda kwa sababu haimjui. Sisi wa nyumbani tunamwelewa hata akikosea, kwa hiyo hatufai kuwa wasahihishaji. Alisema “samaki”, simu ikaandika “hamaki”. Akarudia, ikaandika “hamaki”, naye akahamaki kweli! Sauti ya s ni nyembamba na ya juu, na masikio yenye usikivu hafifu huikosa kwa urahisi. Ilimchukua takribani wiki tatu kuipata.

Alisoma Shule ya Viziwi Tabora, ya kwanza ya aina yake nchini, iliyoanzishwa mwaka 1963. Alirudi likizo na lugha ya alama, na wajomba wakanung'unika kwamba sasa ataacha kusema. Hakuacha. Alianza kutueleza mambo ambayo midomo ilimchelewesha kuyasema: ndoto zake, hasira zake, na kwamba siku zote zile za baruti alidhani nyumba inaanguka.

Mchana anasema. Usiku akichoka huvua shimesikio, huziweka kwenye mkebe wenye mchele mkavu ili unyevu usiziharibu, na kuanzia hapo ukiwa na neno naye, uongee kwa mikono.