Mngurumo wa Subaru hauko kwenye silensa

Wadau, natafuta ekzosi ya Subaru Legacy GT ya 2005. Kila fundi niliyemuuliza hapa Kisumu, Kibuye hadi Obote Road, amenijibu kwa silensa: ya mdomo mmoja, ya midomo miwili, ya kung'aa. Mimi nataka ule mdundo ambao Wakenya wengi waliupenda enzi za Colin McRae aliyeshinda Safari Rally 1997 na Richard Burns 2000. Na kwa kuwa ekzosi nzima ni sawa na kodi yangu ya miezi mitatu, nikaanza na hesabu.

Injini ya EJ20 ina silinda nne zilizolala: 1 na 3 kulia, 2 na 4 kushoto. Moto huwaka kwa mpangilio wa 1-3-2-4, yaani kulia, kulia, kushoto, kushoto. Kwa mizunguko 3,000 kwa dakika hiyo ni milipuko 100 kwa sekunde, yenye nafasi sawa kabisa. Lakini kwenye Impreza za tabo za miaka ya 1990, moshi wa kushoto unapita chini ya injini kabla ya kukutana na wa kulia, kwa hiyo unachelewa. Nafasi zinavurugika, sikio linasikia du-du... du-du. Watu wa mitandao ya kompyuta wanalijua tatizo hili: pakiti ni zilezile, ila hazifiki kwa wakati uliopangwa.

Legacy GT ya Japani ya kuanzia 2003 si hivyo. Tabo yake ina njia mbili za kupokea moshi, silinda 1 na 2 njia moja, 3 na 4 nyingine, na mabomba yanayotoka kwenye injini yana urefu unaolingana. Tabo inaamka mapema, gari linavuta vizuri. Mdundo ndio umekwisha hapo! Silensa iko nyuma kabisa; inaweza kuzuia sauti au kuiachia, haiwezi kurudisha ucheleweshaji ulioondolewa mbele. Ni kama kubadilisha rangi ya kitufe ukitarajia hifadhidata ikupe jibu jingine.

Nilirekodi kwa simu Legacy moja na Impreza moja ya zamani, zote kwenye 3,000, nikazifungua kwa Audacity. Zote zina kilele kwenye 100. Impreza ina kingine kwenye 75, Legacy karibu hakionekani.

Naweza kufunga mabomba yasiyolingana pamoja na tabo ya njia moja. Kwangu huko ni kulipia gari liwe zito kuamka. Fundi mmoja alishauri tutoe masega yanayosafisha moshi "ili lipumue". Hapana. Hewa ya mtaani ni yetu sote, na kanuni za kelele za NEMA zipo tangu 2009.

Kwa hiyo mabomba ya mbele yanabaki. Nyuma nataka bomba la inchi 2.5 na chombo kidogo cha kupoza sauti kabla ya silensa, maana ule mlio wa 100, ukiingia ndani ya gari kuanzia Kisumu hadi Busia, utashuka na kichwa kinauma. Kilichobaki ni kimo: matuta ya Migosi hayana huruma, na bomba likining'inia hata sentimita tatu zaidi litayasalimia yote.