Filamu Iliyoniponza

Wakati ambapo wengi wenu mlikuwa mkipalilia mahindi likizo ya Aprili, mimi nilikuwa nikimsaka muuaji. Tena muuaji mwenyewe hakuwa hapa Kenya. Alikuwa Marekani, na kama yu hai basi leo ni shaibu wa kutembelea mkongojo, maana mauaji yanayojulikana kuwa yake aliyafanya kati ya Desemba 1968 na Oktoba 1969, kabla babangu hajazaliwa.

Mambo yalianza hivi. Binamu yangu aliye chuo kikuu alitutembelea na tarakilishi yake, na ndani mlikuwa na filamu iitwayo Zodiac, iliyoongozwa na David Fincher na kutolewa mwaka wa 2007. Binamu alishikwa na usingizi kabla haijafika nusu, kwani ni ndefu, dakika 157. Mimi sikupepesa jicho.

Kisa chenyewe ni cha kweli. Mtu aliyejiita Zodiac aliwaua watu watano katika mji wa San Francisco na viunga vyake, na wawili aliowajeruhi vibaya wakapona. Kisha aliwaandikia wenye magazeti barua za kujigamba. Mwanzoni mwa Agosti 1969 magazeti matatu yalipokea kila moja theluthi ya fumbo la alama 408, na onyo kwamba lisipochapishwa ataua tena. Wataalamu walikuna vichwa. Waliolifumbua ni mwalimu mmoja wa shule na mkewe, nyumbani kwao. (Walimu wetu, hongereni!)

Oktoba akamuua dereva wa teksi, kijana wa miaka 29 aliyekuwa akisoma huku akiendesha gari usiku. Polisi wakatangaziwa redioni kwa makosa kuwa anayetafutwa ni mtu mweusi. Askari wawili wakakutana na mzungu akitembea zake karibu na pale, wakamwacha aende. Nilipandwa na hasira. Nikasema kwa sauti, "Ona hawa, wanatafuta mtu asiye!" Binamu akageukia upande wa pili, akakoroma.

Lakini filamu yenyewe haimhusu muuaji sana. Inamhusu Robert Graysmith, mchora katuni wa gazeti la San Francisco Chronicle. Hakuwa polisi. Hakuna aliyemtuma. Lakini kesi ile ilimwingia kama funza kidoleni. Miaka ikapita, wapelelezi wakachoka, yeye hakuchoka. Nyumba ikajaa makaratasi, simu ikawa inalia usiku na upande wa pili hakuna anayesema, mpaka mkewe akachukua watoto akaondoka. Ungedhani nilimwonea huruma. Wapi! Nilimwonea wivu.

Kesho yake nilinunua daftari. Nilinakili mafumbo yote. Nikagundua kuwa fumbo jingine, lenye alama 340, lilikaa miaka 51 bila kufumbuliwa hadi Desemba 2020, wanaume watatu wa Marekani, Australia na Ubelgiji walipolivunja kwa msaada wa kompyuta. Ndani hamkuwa na jina la mtu. Nilihuzunika kama niliyefiwa. Vitabu vya fasihi nilivyopewa na mwalimu nisome vilikuwa chini ya kitanda, vimelala salama salimini.

Basi kwa kuwa Marekani ni mbali, nikamgeukia jirani.

Mzee wa nyumba nambari 6 katika ploti yetu aliishi peke yake na hakuwa mtu wa maneno. Alitoka saa mbili usiku na kurudi saa kumi na moja alfajiri, begi jeusi begani. Kabla watu hawajaamka alikuwa akiosha gambuti zake mferejini. Alfajiri moja nikaona maji yaliyotoka pale yakiwa mekundu. Moyo ulinidunda kama ngoma. Nikaandika: saa, tarehe, rangi ya maji. Kuna mahali kwenye filamu ambapo Graysmith anaenda katika duka alimofanya kazi mtu anayemshuku, wakatazamana tu ana kwa ana. Nami nikamngoja mzee mferejini na ndoo yangu, nikamkodolea macho. Akasema, "Habari ya asubuhi, kijana." Hata hilo nililiandika.

Sehemu iliyonitisha kuliko zote katika filamu haina tone la damu. Graysmith yuko kwa mzee mmoja wa ukumbi wa sinema. Amedhani mwandiko kwenye mabango ya sinema, unaofanana na wa muuaji, ni wa mtu mwingine. Mzee anamwambia taratibu kuwa aliyeyaandika ni yeye, kisha anamwongoza chini, kwenye chumba cha ardhini. Juu yao hatua za mtu zinasikika. Graysmith anatoka mbio. Pale nilikuwa na hakika mia kwa mia kuwa ndiye. Lakini baadaye filamu inaendelea na mshukiwa mwingine kabisa, na yule mzee haonekani tena. Sikujiuliza kosa lake lilikuwa lipi.

Daftari langu lilisomwa na mdogo wangu, mwenye miaka tisa na mdomo usio na komeo. Kufikia Ijumaa ploti nzima ilikuwa ikinong'ona. Wengine walitia chumvi, ati kuna mtoto aliyepotea mtaa wa pili. Hakuna mtoto aliyekuwa amepotea.

Jumamosi alfajiri vijana watano walimngoja langoni. Nilisikia, "Fungua begi!" Naye akauliza, "Kwani kuna nini, vijana?" Kofi likalia. Wakamwaga begi chini: koti jeupe lenye madoa na kisu kilichofungwa kwa gazeti. "Kisu! Si mmeona?" Mmoja akaokota jiwe. Mimi nilikuwa nyuma ya pazia. Nilitaka kupiga ukemi, sauti ikanikauka kooni.

Aliyetoka ni mamangu, leso kifuani, miguu mitupu. "Mna wazimu nyinyi? Huyu anafanya kazi kichinjioni! Matumbo ninayowapikia watoto Jumapili mnadhani natoa wapi?"

Jiwe likashushwa. Wakatawanyika mmoja mmoja, na hakuna aliyesema pole. Mzee akainama, akakusanya vitu vyake matopeni.

Usiku huo niliitazama filamu tena hadi mwisho. Mwaka wa 1991 mmoja wa wale wawili waliopona anaonyeshwa picha na kumchagua Arthur Leigh Allen, yule wa dukani. Allen alifariki mwaka wa 1992 bila kushtakiwa, na uchunguzi wa vinasaba wa mwaka wa 2002 haukulingana naye. Maandishi yalikuwepo kwenye kioo hata mara ya kwanza. Sikuwa nimeyasoma.

Mama alipolipata daftari hakunichapa. Alinishika mkono hadi nambari 6, akabisha, akasema, "Mzee, huyu ndiye," kisha akaniacha pale pale.

Nilipiga magoti. Nilisema yote. Mzee akaomba aone daftari, akavaa miwani, akasoma ukurasa kwa ukurasa bila haraka, kidole chake kikifuata mistari. Shavu lilikuwa bado limevimba. Akasimama kwenye ukurasa wa nne.

"Hapa umekosea," akasema. "Hii Jumanne sikwenda kazini. Nilikuwa na malaria."

Akaniomba kalamu, akaikata ile Jumanne, akanirudishia daftari.

Mwisho wa mwezi alihama.