Shindano la Dinosau Mamboleo: Sheria Tano, na Kwa Nini Sibadilishi Hata Moja

Wasee wangu, tangu niseme tunapanga shindano la dinosau wa plastiki hapa Mamboleo likizo ya Agosti, meseji zinazoingia ni za aina mbili. Kuna wanaouliza kama nimekosa kazi ya kufanya, na kuna wanaouliza kila mtu anaruhusiwa kuja na dinosau wangapi. Leo najibu wote kwa mpigo mmoja. Chukueni chai.

Kwanza tuelewane tunachofanya. Diorama ni mandhari ndogo uliyoitengeneza ndani ya sanduku: ardhi, miti, maji, wanyama, na tukio fulani lililogandishwa. Kama umewahi kuingia Kisumu Museum ukamwona yule simba amemrukia nyumbu mgongoni, basi hiyo kitu unaijua tayari. Wale ni wanyama halisi waliokaushwa na wamewekwa katikati ya tukio, ndio maana kila mtoto akifika pale anasimama. Sisi tunafanya hivyo kwa sanduku la viatu na mnyama wa plastiki.

Sheria ya kwanza: dinosau tunatoa sisi. Hii ndiyo imenigombanisha na watu. Kuna mfanyabiashara mmoja alitaka kudhamini shindano lote, hema na zawadi ndani, sharti lake kila mshiriki anunue seti kutoka kwake kwa elfu moja mia tano. Nilimwambia asante, tukaachana. Fanya hesabu mwenyewe. Mtoi wa hapa nyuma ya showground, ambaye mamake anauza omena kwa gorogoro, elfu moja mia tano ataitoa wapi? Halafu mtu kutoka Milimani anakuja na seti tatu, na majaji wanaambiwa walinganishe. Hapo tutakuwa tunapima mifuko ya wazazi.

Kwa hivyo tumezunguka Kibuye siku za Jumapili, kwenye marundo ya mitumba ya vichezeo, tukachagua mmoja mmoja. Wengine hawana mkia, wengine wametafunwa na mtoto wa Ulaya. Kila mshiriki ataingiza mkono kwenye gunia atoe watatu. Ukipata mwenye mguu mmoja, hiyo ni yako, mlaze chini umfanye mzoga. Kiingilio ni hamsini bob, na usipokuwa nayo utasaidia kubeba viti.

Sheria ya pili: kila kitu kingine uokote. Udongo mweusi wa Kano tunao bure, lakini ukikauka peke yake unapasuka kama midomo ya Januari. Changanya na vumbi la mbao na gundi nyeupe ya seremala, utashika. Mizizi ya magugu maji ikikauka inafanana na vichaka, na shina la funjo ukilikata vizuri ni mti mzima. Angalau magugu yatakuwa yametufaa kitu, maana miaka yote kazi yake ni kufunga mashua Dunga.

Sheria ya tatu: vipimo. Hapa ndipo wengi huharibu. Wale watatu wa kwenye gunia hawakutengenezwa kwa kipimo kimoja. Chukua yule wa shingo ndefu mwenye urefu wa sentimita 20 kwenda juu. Mnyama mwenyewe alifika kama mita 13, kwa hivyo kichezeo kimepunguzwa mara 65. Ukitaka kumweka mtu kando yake, mtu wa mita 1.7 atakuwa na sentimita 2.6 tu, kama ncha ya kidole gumba. Sasa T. rex wa sentimita 15 amepunguzwa mara 80 hivi, kwa sababu mwenyewe alikuwa na mita 12 kutoka pua hadi mkia. Ukiwapanga bega kwa bega, mmoja anaonekana mtoto wa mwingine. Dawa ni rahisi: aliyepunguzwa zaidi mpeleke nyuma ya sanduku, aliyepunguzwa kidogo mlete mbele. Jicho litaona umbali, halitaona kosa.

Lakini ngoja, hao wawili hata hawakukutana. Hiyo inatuleta sheria ya nne: chagua wakati mmoja. T. rex aliishi Marekani Kaskazini, miaka milioni 68 hadi 66 iliyopita. Wa shingo ndefu ninayemzungumzia aliishi kama miaka milioni 150 iliyopita. Yaani T. rex yuko karibu zaidi na wewe unayesoma hii kwa simu kuliko na yule jamaa. Nyasi pia usiweke kwenye sanduku la huyo wa shingo, wala maua, hayakuwepo kwao. Weka kangaga, kuvumwani, na miti ya aina ya misonobari.

Na huyu wa shingo ndefu sikumchagua ovyo. Anaitwa Giraffatitan na ni wa hapa kwetu Afrika Mashariki. Mifupa yake ilitoka Tendaguru, kilima kilicho kama kilomita 60 kutoka Lindi, kusini mwa Tanzania. Kati ya 1909 na 1913 Wajerumani walichimba pale, muda mfupi tu baada ya vita vya Maji Maji kuimaliza kusini ile. Waliochimba hasa walikuwa mamia ya Waafrika. Mifupa ilifungwa kwa mianzi, ikabebwa kwa miguu siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikapanda meli. Zaidi ya tani 200. Leo mifupa hiyo imesimama Berlin, na watu wanatoka kila pembe ya dunia kwenda kupiga nayo picha.

Msimamizi wa kazi pale kilimani alikuwa Boheti bin Amrani. Mnyama mkubwa mwenyewe alipopewa jina mwaka 1914, jina lake la pili, brancai, lilimwenzi mkurugenzi wa makumbusho ya Berlin. Boheti alikuja kukumbukwa 2007, dinosau mwingine wa Tendaguru alipoitwa Australodocus bohetii. Miaka tisini na tatu baadaye. Hiyo namba inaniuma kila nikiiona.

Ndio maana tuna zawadi ya pekee kwa sanduku litakaloonyesha Tendaguru ya 1909: mashimo, mianzi, msafara wa wabebaji wa sentimita mbili unusu waliotengenezwa kwa waya wa nyaya za stima. Dinosau wako mzike nusu kwenye udongo, ubaki mgongo. Filamu zote za dinosau tulizokua nazo zina Wazungu wenye kofia na jipu. Nataka mtoto wa Kondele awatengeneze waliobeba.

Kuna msee ameniuliza, na Kisumu je, kwa nini tusiweke dinosau wakinywa maji Dunga? Ndugu, ziwa letu lenyewe ni changa. Halijafikisha hata miaka milioni moja, na kati ya hapo lilishawahi kukauka lote. Dinosau hakuna aliyeliona. Kenya mifupa yao imepatikana kule Turkana, kwenye milima ya Lapur. Huku kwetu kuna wanyama wa baadaye. Rusinga, mwaka 1948, Mary Leakey alipata fuvu la Proconsul, jamaa wa nyani wasio na mkia, wa miaka milioni 18 hivi. Na kuna Simbakubwa kutokaafrika. Hilo ni jina la kisayansi kabisa, Kiswahili kitupu, lilitolewa 2019. Mifupa yake ilitoka Meswa Bridge, huku huku magharibi mwa Kenya, ikakaa kwenye droo Nairobi miaka na mikaka kabla mtu hajaitazama vizuri. Ana zaidi ya miaka milioni 20, alikuwa mkubwa kuliko simba, na wala si simba. Atakayemfinyanga kwa udongo anaruhusiwa kumtumia badala ya dinosau mmoja.

Sheria ya tano ndiyo ninayoipenda zaidi: kila sanduku lina kadi yenye mistari miwili. Wa kwanza, "Hiki najua." Wa pili, "Hiki nimebuni." Tulibishana sana juu ya hii na mbogi yangu. Wengine walitaka usahihi mtupu, wengine walisema mtoto akitaka dinosau wa zambarau mwacheni. Kwa kadi, wote wanaingia. Rangi ya zambarau ni sawa, andika tu kwamba umeibuni. Hata wakubwa hubuni. London mwaka 1854 walisimamisha sanamu za dinosau bustanini, na Iguanodon wakamwekea pembe puani. Baadaye ikajulikana ile "pembe" ni kidole gumba. Sanamu bado zipo. Berlin nao walimsimamisha mnyama wa Tendaguru 1937 miguu ya mbele ikiwa imetanuka kama mjusi, na 2007 wakampanga upya, miguu imenyooka. Ni diorama yao, wakairekebisha. Kwa hivyo majaji wetu watatoa alama nyingi kwa kadi ya kweli kuliko kwa rangi ya kung'aa.

Sasa, wale wa meseji za kwanza. Mathe naye yuko kundi hilo. Aliniuliza jikoni, sufuria mkononi, "Nyathina, uliacha yunivasiti ndio uje ucheze na mijusi?" Sikumjibu kwa hotuba. Nilimwonyesha fomu ya mtoto wa darasa la sita aliyejaza kwa penseli, kwenye nafasi ya maswali: "Kama mifupa ni yetu, mbona iko kwao?" Akaisoma mara mbili. Akasema, "Huyo mtoto mumjibu vizuri." Akarudi kwa ugali wake.

Mimi sina jibu la kumtosha huyo mtoto, na sitajifanya ninalo. Watanzania wenyewe wamelijadili hadi bungeni, wengine wakitaka mifupa irudi, wengine wakiuliza itakaa wapi na nani atailipia. Ninachoweza ni kumpa meza, udongo, dinosau watatu na saa nne, kisha aweke swali lake ndani ya sanduku mahali kila anayepita atalisoma.

Kwa hivyo tunahitaji vitu vifuatavyo. Masanduku ya viatu, hata yaliyolowa kona. Vumbi la mbao kutoka kwa mafundi. Mikasi, maana tunayo mitano tu. Na majaji wawili ambao hawana mtoto, mpwa wala jirani kwenye shindano, na kwa Mamboleo hii, hao ndio watakuwa kazi ngumu kupata.