Anayelipa na Anayechemsha Maji

Kwenye karatasi mimi ni muuguzi wa A2, msimamizi wa sentre za afya katika Zoni ya Afya ya Lusangi. Kazi iliyonizeesha ni nyingine: kuwafuata wazee wanapotoka hospitali kuu ya rufaa kurudi kijijini, nijue watapitia wapi, nani atawapa dawa, na muuguzi mkuu wa sentre ya kwao atapataje habari kwamba mtu wake amerudi.

Walionitangulia kazini walinilea kwa hadithi za Mradi wa Kasongo, ambao madaktari wa Chuo cha Tiba ya Kitropiki cha Antwerp waliuendesha huku kwetu pamoja na Wakongomani tangu miaka ya 1970. Mgonjwa aanzie sentre, apande hospitali na barua, ashuke na barua nyingine. Kisha mkutano wa Alma-Ata wa 1978 ukahimiza afya ya msingi, na Zaire, yaani Kongo ya wakati huo, ikagawanywa katika zoni za afya. Leo Kongo ina zoni 519, na jimbo letu la Maniema peke yake 18. Barua ya kupanda naiona kila wiki. Ya kushuka ni adimu kama chumvi wakati wa vita.

Sababu si uvivu wa madaktari. Siku ya mzee kutoka haipangwi na daktari, inapangwa na deni. Katika hospitali moja ambayo sitaitaja, baba mmoja aliyepasuliwa ngiri alikaa barazani muda mrefu baada ya kupona, jamaa wakitafuta makuta, yaani pesa. Yalipofika, waliondoka saa hiyohiyo, jioni, mvua ikitisha, kabla mtu hajabadili mawazo. Nani angesubiri barua? Wiki hiyohiyo alikuwa shambani na jembe, kwa kuwa hakuna aliyemwambia asinyanyue kitu.

Hata pale maelezo yanapotolewa, yanatolewa kwa asiyehusika. Namkumbuka koko mmoja, bibi mzee, aliyepooza upande wa kulia kwa sababu ya tansio, yaani shinikizo la damu. Mwanawe, mchimba dhahabu upande wa Salamabila, alikuja na pikipiki, akalipa, akaketi mbele ya daktari. Wakazungumza vizuri, nusu Kifaransa nusu Kiswahili. Kesho yake akarudi mgodini.

Nilipofika nyumbani kwao niliwakuta watu wengi uani, maana mgeni wa hospitali hakosi watazamaji. Niliuliza, "Nani anamchemshia koko maji ya kuoga?" Wote wakamgeukia binti mdogo, mjukuu, aliyekuwa anatwanga sombe, majani ya muhogo. Bahasha ya dawa ilikuwa imechomekwa kwenye mwanzi wa paa, tupu.

"Muganga, dawa ilishaisha," akaniambia. "Koko alishapona."

Alikuwa na hoja. Dawa anayoifahamu ni ya malaria: siku tatu, basi. Hakuna aliyemweleza kwamba ya tansio haina siku ya mwisho. Tuliketi chini pamoja. Nikachora jua kwenye bahasha mpya, tukakubaliana kwamba kidonge ni kabla ya chai, na kwamba bahasha ikibaki na vidonge vya wiki moja aende sentre bila kungoja mjomba. Kisha nikamwonyesha jinsi ya kumgeuza: goti la mgonjwa likunjwe, mkono mmoja begani, mwingine kiunoni, avute kwake. Akague kisigino na mfupa wa makalio kila asubuhi, ngozi ikiwa nyekundu koko asilale upande ule. Alishika upesi kuliko wanafunzi niliowafundisha darasani.

Tangu hapo sikubali mzee atoke kama anayechemsha maji hayupo. Wenye makuta hukasirika. Baba mmoja aliniuliza kama nataka kumdharau mbele ya mtoto wake. Nikamwambia, "Hapana baba, heshima yako tunayo, lakini usiku wewe hutakuwepo." Barua naandika mbili: moja anakwenda nayo mzee ndani ya mfuko wa plastiki, nyingine naipeleka kwa reko, mhudumu wa afya wa kujitolea wa kijiji, na pale mtandao unapopatikana napiga simu pia.

Mwezi wa Ramadhani una mashaka yake. Huku Uislamu una mizizi tangu zama za Tippu Tip, na mzee wa kisukari haambiwi na muuguzi aache kufunga. Kwa hiyo kabla ya mwandamo naenda kwa imamu wa kila kijiji chenye mgonjwa wangu. Neno la mgonjwa kuruhusiwa kula limo ndani ya Kurani. Mzee analitii akilisikia kutoka kwa imamu, si kutoka kwangu.

Mwaka mmoja niliongeza mstari katika fomu yetu ya kutoka, chini ya jina la mdhamini: jina la anayemwogesha. Fomu mpya zilipoletwa, mstari haukuwemo. Nauchora kwa rula, rundo zima, kila Ijumaa kabla ya swala.