Nyumba ndogo za Kate, siyo zile!

Tulia, msomaji wangu, sizungumzii mambo ya waume za watu. Nipo Kate, wilayani Nkasi, juu kwenye uwanda wa Ufipa, na baridi ya huku bila sweta unaumbuka. Nyumba ndogo nilizoziona ni za tofali za kuchoma: chumba kimoja, mlango mmoja, jiko nje. Vijana wanaanzia maisha humo, raha mustarehe.

Marekani vijumba hivi ni mtindo, ila vilisumbuliwa sana na vipimo vya ujenzi. Mwaka 2018 ndipo kanuni zao za mfano zikaweka masharti maalumu kwa nyumba isiyozidi mita za mraba 37 hivi. Zile za magurudumu hadi leo miji mingi haitaki uzifanye makazi ya kudumu.

Kwetu kijijini shida siyo udogo, ni ardhi. Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, Halmashauri ya Kijiji inaweza kukupa hati ya hakimiliki ya kimila, hata isiyo na ukomo wa miaka. Mjini, kwenye mitaa isiyopimwa, wengi huishia leseni ya makazi, ambayo ina tarehe ya kwisha.

Lakini vijana wengi hujenga kwa "mjomba kaniruhusu" tu. Mjomba akifariki, binamu wanadai kiwanja, nawe unafungasha virago huku tofali zako zinabaki.

Kwa hiyo, mshikaji, kabla hujanunua bati, pita kwanza ofisi ya kijiji. Na kama mko wawili, yaandikwe majina yote mawili.