Mshale juu ya Waya



Kwetu Kamatanda shaba si habari ya mbali. Wengi katika kikundi chetu wana ndugu wanaochimba mawe ya madini au kuyaosha, na hapa hapa Likasi kiwanda cha Shituru kilianza kuisafisha shaba kwa umeme mwaka 1929. Kwa hiyo naona haya kuungama kwamba nilidanganyika kwa waya wa shaba.

Mchuuzi mmoja aliniuzia waya wa kuunganisha kinanda cha kwaya na mashine ya kukuza sauti. Ulichorwa mshale. Alisema sauti hutoka safi waya ukifungwa kufuata mshale, na hufifia ukigeuzwa. Bei yake ilikuwa mara tatu ya waya wa kawaida, nami nikalipa kwa michango ya hija yetu. Nilipoufunga, niliusikia ule usafi. Sikusema uongo, niliusikia kweli. Binti mmoja, ambaye mchango wake ulitoka katika kuosha mawe, akasema, “Yaya, mimi sisikii tofauti.” Nikamjibu mbele ya wote kwamba masikio yake bado mazito.

Alinyamaza. Juma lililofuata alileta kofia yenye karatasi kumi zilizokunjwa, tano za kufuata mshale na tano za kuugeuza. Wao walizitoa moja moja na kuufunga waya nyuma ya pazia. Mimi nilikaa upande wa pili na kutaja nilichosikia. Nilipatia mara nne. Mtu aliyeziba masikio angaliweza kunishinda.

Fizikia ya shule ingalitosha kunionya. Umeme unaobeba sauti haushuki ndani ya waya kama maji mtoni: kinanda kikipiga noti ya la, mkondo huenda na kurudi mara 440 kwa sekunde. Shaba hupitisha safari zote mbili sawasawa. Ili kutenda haki, zipo nyaya ambazo wavu wake wa kinga umeunganishwa ncha moja tu. Kwa hizo mshale una kazi, maana huonyesha ncha ipi ifungwe wapi ili mngurumo usiingie. Tuliufungua wetu. Wavu ulikuwa umeunganishwa ncha zote mbili.

Fedha iliniuma, lakini si kama lile neno langu. Kukosea kusikia ni udhaifu wa mwili. Kumwaibisha dada aliyesema kweli kulitoka moyoni, nami nililipeleka kwenye kitubio. Kisha nikamwomba radhi mbele ya kwaya ile ile. Alicheka, akauliza deni la hija nitalilipa lini.

Nusu nimekwisha kulipa. Waya tungali nao. Jumapili iliyopita ulifungwa kinyume cha mshale, nami niligundua baada ya Misa, tulipokuwa tukiukunja.